Haraka Yako Inalipwa na Nani?



Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukiziweka chumba kimoja zitapigana. Ya kwanza: haraka haraka haina baraka. Ya pili: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Anayetaka kupumzika anaikimbilia ya kwanza, anayetaka kumsukuma mwenzake anaishika ya pili, na kila mmoja anasema wazee wako upande wake. Sasa nani ana haki?

Nimelitafakari sana jambo hili, kwa sababu mafundisho mengi tunayopewa vijana kuhusu maisha ya mbio huishia kwenye ushauri uleule: zima simu, lala mapema, tafuta mahali pa utulivu upumue. Ni ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Ila unamtazama mtu mmoja tu, yaani wewe uliyechoka. Mimi naona haraka ni suala la maadili kabla halijawa suala la afya. Swali lenyewe ni hili: mimi ninapokimbia, nani analipa? Na ninapopumzika, nani analipa?

Mji ulioanza kukimbia

Tuanzie hapa nyumbani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 watu walizoea kutania kwamba serikali "iko njiani". Mwaka 2016 ikaanza kuhama kweli. Tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu hapa watu kama 411,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Ukiishi Nkuhungu huhitaji kitabu cha takwimu kuliona hilo. Unaona nyumba zinazopata wapangaji kabla hazijapigwa rangi, na alfajiri unasikia bodaboda na bajaji zikipishana kuelekea mjini.

Kisha Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ikaanza kuleta abiria hadi Dodoma. Mtu aliyekuwa akikaa kwenye basi saa nane au tisa kutoka Dar es Salaam sasa anasafiri kwa takribani saa nne. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini jiulize kidogo: hizo saa nne au tano zilizookolewa ziko wapi? Umewahi kukutana na mtu akakwambia, "Tangu treni ianze nina muda mwingi, njoo tukae tuongee"? Mimi sijakutana naye. Ninaokutana nao ni wale wanaokwenda Dar asubuhi na kurudi jioni, wakabanana na kazi mbili ndani ya siku moja. Simu nayo ni hivyohivyo. Zamani barua ilichukua wiki kadhaa na mtu alisubiri bila kununa. Leo ujumbe unafika papo hapo, na tiki zikigeuka bluu bila jibu tunaanza kuhesabu dakika na kuhukumu.

Kumbe chombo kinatupatia muda, halafu moyo unaumeza. Papa Fransisko aliligusa jambo hili mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si', alipoonya kwamba kasi tuliyoiwekea maisha na kazi zetu inapingana na mwendo wa polepole wa maumbile, na kwamba si lazima kasi hiyo ilenge manufaa ya wote. Kwa hiyo tusiilaumu reli, wala tusiilaumu simu peke yake. Tuutazame moyo.

Mwendo ni wa miguu, haraka ni ya moyo

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Huku Ugogo mvua ina msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili hivi. Mkulima wa mtama au uwele, mvua za kwanza zikishuka, hatembei polepole. Anaamka gizani, anaita familia nzima, kwa sababu asipopanda kwa wakati mwaka umekwenda. Mkunga anakimbia. Dereva wa gari la wagonjwa anakimbia. Mama mwenye mtoto anayechemka homa anakimbia. Hao wote hawajakosea chochote, na methali ya chelewa chelewa ilisemwa kwa ajili yao. Mhubiri naye katika sura ya 3 anafundisha kwamba kila jambo lina majira yake.

Haraka ninayoizungumzia ni kitu kingine. Ni hali ya moyo ambamo kilicho mbele, iwe miadi, malipo, ujumbe au kikao kijacho, kimejaza akili kiasi kwamba mtu aliye karibu haonekani tena. Unaweza kuwa na haraka hiyo hata ukiwa umelala kitandani, kidole kinapandisha video moja baada ya nyingine, na mdogo wako amesimama mlangoni akikuita mara ya tatu. Dereva wa gari la wagonjwa anakimbia kwa sababu kuna mtu amemwona. Mwenye haraka anakimbia, na kwa sababu hiyo hamwoni mtu.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliona kwamba tunashughulika ili hatimaye tuwe na wasaa, kama vile watu wanavyopigana vita ili waishi kwa amani. Kwake kazi ni njia. Lengo ni ule wasaa wa kuutafakari ukweli. Neno la Kigiriki la wasaa ni scholē. Walatini wakalifanya schola, Wajerumani wakalifanya Schule, na Wajerumani hao walipotawala huku wakatuachia neno "shule". Yaani kila mtoto wa Nkuhungu anayekimbia asubuhi na begi mgongoni, akiogopa fimbo ya kuchelewa, anakimbilia mahali ambapo jina lake kwa asili maana yake ni wasaa! Cheka kidogo, halafu ujiulize ni lini mara ya mwisho ulisoma kitu ili ukijue tu, bila mtihani wala ajira mbele yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwenda ndani zaidi. Katika Summa Theologiae anaichambua dhambi iitwayo acedia, ambayo tumezoea kuiita uvivu wa kiroho. Kwake si uvivu wa mikono. Ni huzuni ya moyo mbele ya wema wa Mungu: moyo unaona uzito kukaa na Yule anayeupenda. Ndiyo maana anasema dhambi hiyo inapingana na amri ya kuishika siku ya Bwana, kwa kuwa amri hiyo inautaka moyo utulie ndani ya Mungu. Mwaka 1948 mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, Josef Pieper, akaonyesha jambo ambalo wengi hatulitegemei: mtu anayefanya kazi bila kukoma anaweza kuwa na acedia ileile. Kumbe kuna wavivu wa aina mbili. Mmoja amelala chini ya mwembe. Mwingine yuko kwenye kamati tano na makundi ishirini ya WhatsApp. Wote wawili wanakwepa jambo moja, nalo ni kubaki peke yao mbele ya Mungu.

Na sisi Waafrika je? John Mbiti, mwanateolojia Mkenya na padre wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza namna wazee wetu walivyouona wakati. Alisema mgeni akiwakuta watu wameketi hudhani wanapoteza muda, kumbe ama wanausubiri au wanautengeneza. Wanafalsafa wenzake Waafrika walimpinga, hasa pale alipodai kwamba fikra zetu za jadi hazina wakati ujao wa mbali, na kwa hilo nadhani walikuwa na hoja. Lakini jambo moja linabaki na nguvu: muda hutengenezwa na watu wanapokutana. Salamu ya Kigogo ni shahidi. Ukisema "Mbukwa" hujamaliza, umeanza. Yanafuata ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ya mvua. Kwa mwenye haraka hizo ni dakika tatu zimepotea. Kwa mzee anayekusalimu, asubuhi yake imekuwa asubuhi kwa sababu mmekutana.

Tahadhari moja hapa, kwa upendo. Usimtumie Mbiti kutetea uchelewaji. Kikao cha vijana kimepangwa saa nane mchana, wewe unaingia saa tisa unacheka na kusema "ndio muda wa Kiafrika". Watu ishirini wamekusubiri. Umechukua saa moja ya kila mmoja wao. Huo nao ni mwendo wa polepole ambao bili yake wamelipa wengine.

Waseminari kwenye njia ya Yeriko

Unaweza kusema, "Sawa Frateri, lakini kweli haraka inaweza kumfanya mtu mwema asimwone jirani yake?" Kuna utafiti mmoja uliolipima jambo hilohilo, na kwa mtu wa seminari kama mimi haupiti bila kuchoma.

Mwaka 1973, mwaka uleule Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya kitheolojia ya Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Wengine walipewa mada ya ajira kwa waliosomea seminari. Kisha kila mmoja akaambiwa habari za muda: wengine kwamba bado wana nafasi, wengine kwamba muda umewadia, wengine kwamba wamekwisha kuchelewa na wanasubiriwa. Njiani, kwenye uchochoro, alikuwepo mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Mtu huyo alikuwa amewekwa na watafiti, ila wanafunzi hawakujua.

Katika wale wasio na haraka, asilimia 63 walisimama kusaidia. Katika wale wa katikati, asilimia 45. Katika wale walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Na ile mada? Kwenda kuhubiri Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya kueleweka. Wapo waliokuwa na mfano wa Yesu kichwani mwao, wakamruka aliyelala, wakaenda kuuhubiri.

Tusikimbilie kuwaita wanafiki. Darley na Batson wenyewe walitambua kwamba si lazima watu hao walikuwa na roho mbaya. Kuna mtu aliyekuwa akiwasubiri, nao hawakutaka kumwangusha. Haraka iliwabana kati ya majirani wawili, na aliyeshinda ni yule mwenye ratiba. Hilo ndilo linaloniogopesha. Siku zote nilidhani ili mtu apite kando kama yule kuhani na yule Mlawi ni lazima moyo wake uwe mgumu. Kumbe inatosha awe amechelewa.

Fungua sasa Injili ya Luka sura ya 10. Mfano wa Msamaria unaishia aya ya 37. Aya ya 38 Yesu anaingia nyumbani kwa Martha na Maria. Tumezoea kuzisoma habari hizi siku tofauti, lakini Luka ameziweka bega kwa bega. Katika ya kwanza, anayesifiwa ni aliyesimama kwa ajili ya mtu aliyejeruhiwa. Katika ya pili, anayesifiwa ni aliyeketi miguuni pa Bwana. Nadhani ni somo moja lenye pande mbili. Asiyeweza kuketi mbele ya Bwana hatajua kusimama mbele ya jeruhi, na anayeketi mbele ya Bwana halafu akampita jeruhi hajaketi vizuri. Martha naye hakukemewa kwa kupika, chakula kilihitajika. Alikemewa kwa kusumbuka kulikomfanya amwone dada yake kama kikwazo.

Tena kuna Marko sura ya 5. Yairo ana binti wa miaka 12 anayekufa. Hiyo ni haraka ya haki, na Yesu anakubali kwenda naye mara moja. Njiani mwanamke aliyeteseka miaka 12 kwa kutokwa damu analigusa vazi lake, na Yesu anasimama, anauliza, anamsubiri ajitokeze, anamsikiliza mpaka mwisho. Wakati huohuo habari zinafika kwamba binti amekufa. Jiweke katika nafasi ya Yairo dakika ile! Injili haifichi kwamba kusimama kunaweza kuwa na gharama inayotisha. Lakini Yesu hakumruhusu Yairo aamini kwamba uhai wa mwanawe ulikuwa ukishindana na uhai wa yule mama. Waliokolewa wote wawili.

Lakini maskini apunguze vipi mwendo?

Hapa ndipo hoja nzito inapokuja, na nisiporuhusu isemwe nitakuwa nimewahubiria waliokwisha kushiba. Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa msimamo wake kwamba nchi kama yetu lazima ikimbie wakati wengine wanatembea. Serikali ilihamia Dodoma ikiwa na kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili usome hataki kusikia kwamba umepunguza mwendo.

Kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda aliniambia bila kuzunguka: "Frateri, nyie mnatuambia tupunguze spidi. Mimi hesabu ya bosi iko palepale, iwe Jumapili, iwe Krismasi. Pikipiki si yangu. Nikipumzika leo, kesho nadaiwa ya siku mbili. Na abiria akipanda tu, neno la kwanza ni 'niwahishe'."

Sina jibu rahisi la kumpa, na sitaki kulitengeneza. Lakini maneno yake yalinirudisha kwenye amri ya Sabato, nikaisoma upya. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, sababu ya kupumzika inatolewa wazi: mlikuwa watumwa Misri, na Bwana akawatoa. Mtumwa ni mtu asiyeruhusiwa kusimama. Halafu angalia amri inamwelekea nani. Inasema na mwenye nyumba, mwenye watumishi, mwenye punda. Inamtaka apumzike ili mtumishi wake wa kiume na wa kike wapumzike kama yeye. Wanaobanwa zaidi na amri hii ni wale ambao wengine wanakimbia kwa ajili yao.

Kitabu cha Kutoka 23:12 kinasema vilevile: ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi na mgeni nao wapate pumzi. Kiswahili chetu kinaonyesha vizuri, kwa kuwa pumzika na pumzi vimetoka mahali pamoja. Kiebrania cha aya hiyo kinatumia kitenzi chenye mzizi mmoja na neno la Kiarabu lililotupatia "nafsi", na jirani yake ni "nafasi". Tunaposema "sina nafasi" tunasema jambo zito kuliko tunavyojua. Na tunapomnyima mtu nafasi, tunaigusa nafsi yake.

Kanisa limeshika mstari huo. Papa Leo XIII mwaka 1891, katika Rerum Novarum, alidai mapumziko kwa wafanyakazi wa viwandani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2186, inawataka Wakristo wenye wasaa wawakumbuke ndugu zao wenye mahitaji yaleyale na haki zilezile lakini wasioweza kupumzika kwa sababu ya umaskini. Namba 2187 inasema tujiepushe kuwadai wengine, pasipo ulazima, mambo yatakayowazuia kuishika siku ya Bwana. Hata sheria ya nchi iko hapo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki.

Sasa tazama Jumapili ya kawaida parokiani. Tunatoka Misa tumetulia, kwaya imeimba, mioyo ni mieupe. Nje ya geti vijana wa bodaboda wanatusubiri. Wengine wao ni Wakatoliki, wamebatizwa na kupata Kipaimara kama sisi. Tunapanda, na neno la kwanza linalotoka katika kinywa kilichopokea Ekaristi ni "twende fasta". Nyumbani dada wa kazi alikwenda Misa ya kwanza, kama alikwenda, na sasa yuko jikoni ili sisi tupumzike vizuri. Kama mapumziko yangu ya Jumapili yanawezekana kwa sababu mwenzangu hana Jumapili, basi Misri imehamia kwenye jiko letu.

Kwa hiyo sitamwambia yule kijana apunguze mwendo. Nitajiambia mimi, na nitakuambia wewe unayesoma hapa ukiwa na bando na dakika kumi za utulivu. Tuanze kupunguza mwendo tunaowalazimisha wengine.

Basi tufanyeje?

Nitataja machache, ya kufanyika wiki hii hii.

Ondoka mapema. Hili linaonekana dogo, lakini ni upendo kamili. Dakika kumi ulizoongeza kitandani zinakwenda kulipwa barabarani na dereva unayemwambia apite katikati ya magari. Ukiondoka mapema unaweza kumwambia sentensi ambayo haisikii mara nyingi: "Bro, twende taratibu tu, tutafika." Na kama amekusubiri, mlipe muda wake.

Salimia mpaka mwisho. Chagua kila siku mtu mmoja utakayemsalimu bila kutazama simu na bila kutembea: mama wa genge, mlinzi, bibi wa jirani. Ukimuuliza "habari za nyumbani", subiri jibu. Huenda siku moja likawa jibu la kweli, na ukashukuru kwamba ulikuwepo.

Mwache mwenzako asijibu sasa hivi. Yule ambaye hajakujibu huenda anauguza, anasali, anaendesha pikipiki. Na simu yako wewe iwekee mpaka. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana mwenzetu aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025, alipenda sana kompyuta, lakini michezo ya video alijiwekea saa moja kwa wiki. Alijiwekea sheria hiyo mwenyewe, huku akipata muda wa Misa ya kila siku na wa watu wasio na makazi.

Mrudishie mtu Jumapili yake. Kama nyumbani kwenu kuna dada wa kazi, kaa na wazazi kwa heshima, muulizane ana siku gani ya kupumzika. Wewe na ndugu zako mnaweza kuosha vyombo na kupika siku hiyo. Kama familia yenu ina pikipiki iliyo kwa kijana kwa hesabu, muulizane kama anaweza kupewa Jumapili isiyo na hesabu. Najua ni pesa, na si kidogo kwa nyumba nyingi. Ndiyo maana nasema ni suala la maadili. Ushauri usiogusa mfuko huwa hauumi.

Mwisho, fika kanisani dakika kumi kabla, ukae mbele ya Tabernakulo bila kuomba chochote. Usilete orodha. Kaa tu. Dakika tatu za kwanza akili itakuwa sokoni, usijilaumu. Kama Mtakatifu Tomaso yuko sahihi, ugumu unaousikia hapo ndio ugonjwa wenyewe unaojaribu kutibiwa. Mtu aliyezoea kumtazama Mungu bila haraka anaanza polepole kuwatazama watu hivyohivyo, na hapo uchochoroni aliyelala anaonekana.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekuwa na ulimwengu mzima wa kuokoa na bado ukasimama kwa ajili ya mwanamke mmoja njiani, utufundishe kusimama. Utupe mbio pale ambapo uhai wa mtu unatuhitaji, na utulivu pale tunapokimbia bure. Uwakumbuke leo wote wasio na nafasi ya kupumzika: wa kijiweni, wa jikoni, wa zamu ya usiku. Utuonyeshe ni wapi sisi ndio tunaowakimbiza, na utupe ujasiri wa kuwaachilia. Mama Bikira Maria, uliyeyaweka yote moyoni na kuyatafakari, utuombee. Amina.

Jumapili njema, na Mungu akubariki.